Ruhusa ya Dohani

Mwabungo, 9 Novemba 1964

Mume wangu Chirau,

Assalaam aleikum. Mimi bibi yako Mbodze ni mzima, goti tu ndilo linalonionea. Huku nyumbani wote salama. Mbuzi wa jirani yangu Kavumbi amezaa katikati ya muhogo wangu, nami nilipomtoa, Kavumbi akanilaumu eti namfukuza mzazi. Nikamwambia mzazi gani anayekula majani ya watu kabla hata ya kulamba mwanawe.

Anayeandika ni Mwanaima, mke wa mwenye duka, maana mimi kalamu siijui na umri huu sitaijua tena. Nimemwonya aandike kama nisemavyo, asinitilie sukari.

Sasa neno lenyewe. Shutu wa hapa kijijini amerudi kutoka Mombasa. Anasema alipita kwenu kumwamkia mama yako, na kila alipofungua mdomo ilimbidi kwanza ashike kifua. Wewe barua yako ya mwisho uliniandikia, "Mama hajambo." Hajambo wa namna gani huyo? Mama yako Mwanarusi nilimzaa mimi. Pumu yake naijua tangu alipokuwa mgongoni kwangu.

Tena nyumba hiyo naijua. Kaka yangu Tsuma, Mungu amrehemu, aliijenga vizuri lakini aliijenga kiume. Akaweka mabati bila dari, akaweka jiko ndani bila pa kutokea moshi, kwa kuwa yeye chakula alikiona kikiwa sahanini tu. Mchana nyumba inachoma kama kikaango. Jioni mama yako akikoka moto, anavuta moshi kuliko mkaa wenyewe. Mlete huku. Makuti yangu yanavuja, lakini hayachomi mtu.

Nijibu upesi.

Bibi yako, Mbodze


Mombasa, 23 Novemba 1964

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nakupa salamu nyingi, na Mwanaima anayekusomea naye nampa zake. Hapa sisi tunamshukuru Mungu. Kazini wananiridhia. Mwezi huu tumefunga mashine za baridi katika nyumba mbili kubwa kule Kizingo. Ukiingia mle ndani, Bibi, utataka kujitanda kanga ya pili.

Kuhusu mama, nimekusikia. Lakini siwezi kumleta. Daktari anataka awe karibu, na huko akishikwa usiku, kivuko cha Likoni kimelala. Nani atambeba?

Daktari amesema mambo mawili: moshi utoke, hewa ipite. Kazi hiyo mimi naijua, ndiyo ninayowafanyia wengine kila siku. Nitaweka jiko la chuma lenye dohani, yaani bomba la bati litakalopita ukutani na kutoa moshi juu ya paa. Chini ya mabati nitapiga dari ili joto lisimshukie. Juu ya kuta nitatoboa matundu ya hewa, na mwisho nimtilie panka la umeme kwa siku za shida.

Ila hapa mjini huwezi kugusa ukuta bila ruhusa ya baraza la mji. Nimechora ramani, nikaipeleka. Karani akaniuliza mwenye nyumba ni nani, nikaandika jina la mama kama tunavyojua sote. Akauliza mama aliipataje. Nikamwambia ni ya marehemu mjomba wake. Akauliza kama marehemu ana mtoto. Nikasema anaye mmoja, Abdurahman, seremala, yuko Tiwi. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Basi mama yako katika nyumba hiyo ni mgeni tu. Niletee sahihi ya mwenyewe, au hati ya kadhi."

Naamini ni jambo dogo, litakwisha. Mama hajambo, anakusalimu.

Mjukuu wako, Chirau


Mwabungo, 6 Desemba 1964

Mume wangu Chirau,

Salamu zako zimefika. Mwanaima alizisoma dukani mbele ya watu, ndiyo maana kijiji kizima sasa kinajua kwamba wewe unawapa watu baridi na mamako anachomeka.

Huyo karani ana wajomba huyo? Labda hana, ndiyo maana hajui. Sisi mali ya mtu huenda kwa mtoto wa dada yake. Mimi na Tsuma tumelala tumbo moja. Mtoto wa dada yake ni Mwanarusi. Na ni Mwanarusi aliyemgeuza kitandani alipopooza, akamwosha na kumlisha mpaka pumzi ya mwisho. Siku ya arobaini wazee wa fuko letu, yaani ukoo wetu wa upande wa mama, walikaa uani kwangu wakasema nyumba ya Mombasa ni ya Mwanarusi, na mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa fuko, nikaitikia. Kuna la zaidi?

Habari za Abdurahman usiniletee.

Wewe toboa ukuta. Mtu akizama haombi ruhusa ya kushika kamba. Baraza wakija watakuta moshi umekwisha toka, na moshi ukitoka haurudishwi.

Mwanaima anauliza kama kweli aandike hivyo. Nimemwambia ndiyo, na amalize hapo.

Bibi yako


Mombasa, 4 Januari 1965

Kwa Bibi,

Shikamoo, na mfungo mwema. Mama nimemkataza kufunga, amenuna, lakini ametii.

Nilikusikiliza, nikatoboa. Bibi, kwa muda ule mfupi ilikuwa raha. Jiko likawaka, moshi ukapanda bombani, mama akakaa jikoni ameegemea mlango anautazama kama anatazama ngoma. Akapika samaki wa nazi akaimba.

Kisha akaja Bwana Afya wa baraza. Hakupiga kelele, wala hakunidharau. Alisimama njiani, akalitazama bomba, akatoa daftari. Akasema bomba lililopita karibu na boriti bila kukaguliwa limekwisha kuunguza mitaa. Akaniuliza, "Wewe si fundi wa kampuni fulani?" Ameamuru tundu lizibwe na jiko lisiwashwe mpaka ruhusa itoke. Nikiwasha, nitapelekwa kortini, na kampuni ikisikia nimefanya kazi bila ruhusa itanitoa siku hiyo hiyo, kwa kuwa wao wenyewe wanaishi kwa ruhusa hizo.

Nimeziba. Tunapika uani chini ya dirisha la mama, na moshi unarudi ndani kwa mlango mwingine.

Jambo jingine najua hulitaki, lakini nitaliandika. Nilimpelekea Abdurahman karatasi ya baraza atie sahihi. Ameirudisha tupu na maneno haya: "Siwezi kumruhusu mgeni atoboe nyumba ya baba yangu." Bibi, siku ya arobaini kulitokea nini baina yenu? Mama nikimwuliza hugeuza uso ukutani.

Mama hajambo.

Mjukuu wako, Chirau


Mwabungo, 20 Februari 1965

Chirau,

Leo sikuiti mume wangu.

Ramadhani imekwisha. Idi imekuja imekwenda. Nilipika, nikakaa barazani na nguo yangu mpya kama biharusi, kila gari lililosimama njia kuu nikainuka na goti langu hili. Hukuja, hukuandika, hukumtuma mtu. Watu wa Ukunda wametoka Mombasa na kurudi. Nimewauliza. Mmoja ananiambia hakupita mtaa wenu. Mwingine ananiambia alipita, kisha anaanza kunisifia mahindi yangu. Mahindi yangu yamekauka, Chirau. Nani husifu mahindi makavu?

Umeniuliza kuhusu arobaini. Hakuna kilichotokea. Abdurahman aliondoka bila kuonja chakula cha hitma ya baba yake. Mtu wa namna hiyo ana lake.

Kama mimi ndiye ninayekuudhi kwa kuwa nilisema toboa, sema. Nilisema, ndiyo. Nikasirikie kwa maneno, usinikasirikie kwa kunyamaza. Mimi sijui kusoma, na kimya ndicho kinachonishinda zaidi kusoma.

Mama yako yu hali gani? Na ukiniandikia hajambo, nitakuja huko na bakora.

Mbodze


Mombasa, 2 Machi 1965

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Sikukasirika. Nilikuwa nikianza kuandika nakumbuka kwamba barua yangu itasomwa dukani, nakunja karatasi.

Idi tuliila hospitali. Alishikwa mkesha wake, wakamtia mpira wa hewa puani. Amerudi nyumbani sasa, lakini halali chali. Nimempangia mito, analala ameketi. Mchana mabati yakipata moto namtoa barazani, jirani wakianza kupika namrudisha ndani. Ndiyo kazi yetu, kutoka na kuingia. Nilikwenda tena kwa karani. Ni mtu mzuri, aliagiza chai. Akaniambia, "Mimi mwenyewe nina mama. Lakini bila sahihi mkono wangu umefungwa."

Nilikwenda Tiwi pia, sikukuambia. Abdurahman alinipokea vizuri, akanipa maji. Nikamweleza hali ya mama. Akasema, "Mwambie aliyenifukuza kwenye kilio cha baba yangu aje mwenyewe."

Mama amenipa kanga zake mpya nikuletee. Anasema yeye hatazivaa.

Salamu kwa wote.

Chirau


Mwabungo, 15 Machi 1965

Mume wangu,

Sisi wazima. Wewe kaa chini usome polepole, kwa kuwa nimekwisha fanya jambo na halirudi.

Mwanaima alinisomea barua yako. Safari hii nilimfungia mlango, hakukuwa na mtu. Akafika karibu na mwisho, nikaona macho yake yanasoma na mdomo hausomi. Nikamwambia, "Rudi." Akasema, "Bibi, ni salamu tu." Nikamwambia, "Salamu haimlizi mtu. Rudi." Ndipo akanisomea habari ya kanga.

Kanga hizo usizilete. Nikiziona nitazichana nifungie kuni. Mtoto hamgawii mamake nguo zake, mambo hayo huenda upande mwingine.

Kesho yake nikapanda lori la nazi mpaka Tiwi. Abdurahman nilimkuta kibandani mwake anapiga randa mlango wa mtu. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, shangazi," akaiambia mbao.

"Marahaba. Niondolee takataka hizi nikae."

Akafagia kwa mguu. Nikakaa. Akaendelea na randa, shwaa, shwaa.

"Umekuja kwa ajili ya tundu," akasema.

"Nimekuja kwa ajili ya kifua."

"Kijana alinieleza."

"Kijana hakukueleza. Kijana ana adabu. Mimi nakueleza: Mwanarusi anakufa, nawe umeikalia kalamu."

Ndipo akaacha randa. Chirau, ana uso wa kaka yangu. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa sitaki kuukumbuka. Akasema, bila ukali hata kidogo, "Siku ile mbele ya watu wote ulinielekeza kidole, shangazi. Ulisema mimi si wa fuko lenu, nirudi kwa watu wa mama yangu. Kaburi la baba yangu nilichimba mimi. Nilimshusha mimi. Ukaniambia mimi si wenu."

"Nilisema. Na ndivyo ada ilivyo. Mtoto ni wa fuko la mamake."

"Basi ada na iende barazani ikatie sahihi."

Nje mtu alikuwa akiuza dagaa, akapita mpaka sauti yake ikapotea.

Kisha nikamwambia, "Twende kwa kadhi."

"Kufanya nini?"

"Kutia dole. Mimi ndiye mkubwa wa fuko. Nikisema mbele ya kadhi kwamba hatuidai nyumba ya Tsuma, hakuna wa kuidai tena. Itakuwa yako, kwa sheria, na kwa midomo ya watu. Nawe utie sahihi ya dohani, na dari, na matundu, na chochote anachotaka Chirau. Na Mwanarusi akae humo, asitolewe."

"Akae mpaka lini?"

"Mpaka atakapokufa."

"Umesema anakufa, shangazi."

"Ndiyo. Basi una hofu gani?"

Akaiokota randa, akaiweka, akaiokota tena. Akasema, "Maneno yako ni magumu kama nyundo, wallahi, mtu angeyapigia msumari." Akaenda kunawa mikono, akavaa kanzu.

Tumekwenda kwa kadhi ndani ya lori moja, mimi mbele na dereva, yeye nyuma juu ya nazi. Kadhi aliniuliza mara tatu kama nimelazimishwa. Nikamwambia anitazame vizuri, aone kama mimi ni mtu wa kulazimishwa. Dole nimetia. Imeandikwa kwamba Mwanarusi binti yangu atakaa katika nyumba hiyo maisha yake yote.

Wazee wa fuko wamewaka moto. Mmoja wao, Kalama, alikuja mpaka mlangoni kuniuliza nimepata wapi kichwa cha kutoa mali ya watu. Nikamwambia, "Nenda Mombasa wewe, ukampumulie Mwanarusi, nami nitakwenda kwa kadhi nikalifute dole langu." Ameondoka. Hajanisalimu tangu siku hiyo, na nyumba imetulia.

Abdurahman atakuja kwako na karatasi. Mpe kiti.

Bibi yako, Mbodze


Mombasa, 3 Aprili 1965

Kwa Bibi,

Shikamoo. Sisi tuko. Mvua zimeanza.

Abdurahman alikuja. "Twende pamoja," akasema, na pale mezani kwa karani akatia sahihi mbele yangu. Ruhusa imetoka na muhuri wake. Bwana Afya amekuja, akapima umbali wa bomba na boriti, akanisogezea tundu juu kidogo, akaweka alama kwa chaki. Alikuwa na haki, Bibi. Pale nilipotoboa mara ya kwanza boriti ilikwisha anza kuwa nyeusi.

Dohani inatoa moshi. Matundu nimeyamaliza. Dari nilikuwa nimeanza mwenyewe, Abdurahman akaja akaitazama, akaninyang'anya nyundo mkononi. "Dari ya nyumba yangu haipigwi na mtu wa mashine," akasema. Amelala kwetu mpaka akamaliza. Mama anamwita kaka. Wanakaa wanaongea habari za mjomba, wanacheka. Anadhani amekuja kwa wema wake tu.

Hajui. Sikumwambia, na yeye Abdurahman hakumwambia. Nikimwambia nyumba si yake tena, naogopa kifua chake.

Na mimi nina neno langu, Bibi. Nyumba hii baada ya mama ingekuwa yangu na watoto nitakaowapata. Hukuniuliza. Uliitoa kama mtu anavyotoa kikombe cha chumvi. Najua kwa nini. Lakini hukuniuliza.

Ulinikataza neno hajambo, kwa hiyo nakuandikia nilichoona: juzi alilala ubavu. Hakulala chali, ila ubavu.

Chirau


Mwabungo, 10 Aprili 1965

Mume wangu Chirau,

Waaleikum salaam. Mvua huku pia, na makuti yangu yanavuja vile vile. Kavumbi amenipa mbuzi jike, sijui anataka nini.

Sikukuuliza, ni kweli. Ningekuuliza ungesema, "Toa, Bibi," upesi upesi, kwa sababu ni mama yako. Kisha siku moja ukiwa na watoto na kodi ya nyumba ya watu, ungekumbuka kwamba ni mdomo wako uliosema toa, ukajichukia. Sasa unichukie mimi. Mimi ni mzee, nina mahali pa kuweka. Ukikasirika, niandikie, nitasomewa.

Umesema amelala ubavu. Nilimwambia Mwanaima airudie hapo. Ameirudia mpaka ameichoka.

Na sasa kuhusu mama yako. Mwambie. Usimfiche hata neno moja. Mkalishe mahali penye hewa, umshike mkono, umwambie nyumba ya mjomba wake imekwenda kwa Abdurahman, na aliyeitoa ni mimi. Atalia. Mwache alie, ana nafasi ya kulia sasa, moshi haumo.

Akimaliza, mwambie na hili, kama nilivyolisema, usilipunguze. Mwambie hati ya kadhi inasema akae humo maisha yake yote. Abdurahman alipokubali alidhani maisha hayo ni mafupi, nami nilimwachia adhani hivyo. Kwa hiyo mapatano yangu yote, na fuko langu lililoninunia, yako juu ya pumzi zake. Akifa mwaka huu, nitakuwa nimeitupa nyumba ya kaka yangu bure. Akizeeka humo, akawa kikongwe asiye na meno, anayemwamuru Abdurahman amtengenezee kitanda na amchotee maji, mpaka Abdurahman aje huku Mwabungo kwenye kaburi langu kunilalamikia kwamba mwanangu hafi, hapo nitakuwa nimeshinda.

Mwambie hivyo. Kisha uniandikie alisema nini.

Bibi yako, Mbodze